Mtoto katanguliza matako: kipi cha kuogopa, kipi cha kuacha

Habari ilitoka kliniki saa nne asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, ulikuwa umeshatoa tiba tatu. Jirani wa kwanza alitaka binti apelekwe kwa bibi mmoja wa Duga, akandwe tumbo kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu mpaka mtoto "arudi". Wa pili alisema kosa ni kukaa mlangoni: mama akiziba mlango wa nyumba, mtoto naye anaziba wa kwake. Wa tatu, ambaye mwanawe anasomea uuguzi, alimaliza mjadala kwa neno moja: kisu. Mwenye mimba, mtoto wa kaka yangu, alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, kadi ya kliniki mkononi kama aliyepokea barua ya mahakama. Mimba ya kwanza, wiki ya 35. Aliwasikiliza wote kwa adabu, na walipoondoka akanigeukia.

"Shangazi, kwani mtoto wangu mgonjwa?"

Hakuna tiba hata moja kati ya zile tatu iliyoligusa swali hilo. Mimi si daktari. Ni shangazi mwenye tabia ya kuuliza mpaka wanaoulizwa wachoke. Kwa wiki nne zilizofuata niliuliza sana, na nilichokiona ni kwamba hofu ya mtoto aliyetanguliza matako ni fundo la kamba tatu zilizosokotana. Iko kamba ya afya ya mtoto, iko ya mkao wake, na iko ya njia atakayotokea. Ukiivuta moja bila kuitenga na nyingine, fundo linakaza.

Kwa wengi jibu la swali la binti ni hapana, mtoto si mgonjwa. Anapata chakula na hewa kupitia kondo kama wenzake, moyo unapiga, anacheza, anakua. Kukaa kichwa juu hakumuumizi wala hakumchoshi. Hatari ipo, tena si ya kudharau, lakini imejikusanya kwenye saa chache za kuzaliwa, si kwenye wiki hizi anazoelea ndani ya maji yake. Mama anayejua hilo anaweza kulala usiku, akaitumia hofu yake mahali inapohitajika.

Tuanze na lugha, maana hata yenyewe inachanganya. Manesi wakizungumza wao kwa wao husema "brichi". Wakunga watu wazima husema katanguliza matako, na wenye haya zaidi husema makalio. Yote ni kitu kimoja, ila ndani yake kuna mikao mitatu isiyolingana kwa uzito. Wa kwanza, ambao ndio wa wengi mimba ikishakomaa, mtoto amekunjika katikati kama mkeka: matako chini, miguu imenyooka juu mpaka vidole vinakaribia uso. Wa pili, amekunja magoti kama watu waliokaa jamvini kwenye hitima. Wa tatu, mguu mmoja au yote miwili imeshuka, na unyayo ndio unaotangulia. Huu wa tatu ndio unaowakosesha wakunga raha, na sababu yake nitaifikia. Mtoto aliyekingama, yaani aliyelala kama boriti kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ni habari nyingine kabisa. Mimba ikikomaa akiwa hivyo hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida.

Sasa hesabu. Mimba ikiwa na wiki 28, mtoto mmoja kati ya wanne au watano yuko kichwa juu, na hakuna wa kushtuka. Nafasi ni kubwa, maji ni mengi, anazunguka atakavyo. Kizazi kina umbo la kibuyu kilichopinduliwa, pana juu, chembamba chini. Kadiri mtoto anavyojaa, fungu lake kubwa zaidi, yaani matako pamoja na miguu iliyokunjwa, hutafuta upande wenye nafasi, na kichwa kinashuka penye wembamba. Ndiyo maana mimba ikitimia wanaobaki kichwa juu ni 3 au 4 tu kati ya 100. Baada ya wiki ya 36 baadhi hujigeuza wenyewe, lakini kwa mwenye mimba ya kwanza hawafiki mmoja kati ya kumi, kwa sababu misuli ya tumbo na kizazi bado imekaza. Aliyekwisha kuzaa ana nafasi zaidi ya kuamka siku moja akakuta mgeni kajipindua usiku.

Kwa hiyo mama aliyepigwa altrasaundi mwezi wa tano, akasoma kwenye karatasi kwamba mtoto ametanguliza matako, amepewa habari ya kweli isiyo na maana. Shirika la Afya Duniani linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na faida yake ni kujua umri wa mimba, idadi ya watoto na kama kuna kasoro. Mkao wa wiki ya 22 ni kama mahali alipokaa abiria kabla basi halijajaa.

Mkao unaanza kuhesabika kuanzia wiki ya 35 au 36, na wa kwanza kuugundua huwa ni mikono ya mkunga. Anapapasa juu, chini na pande zote mbili. Kichwa ni kigumu, cha duara, ukikisukuma kinanesa shingoni. Matako ni laini na yanakwenda na mwili mzima. Kisha anaweka sikio kwenye ile pembe fupi, ambayo umbo lake tunalijua kutokana na Mfaransa Adolphe Pinard tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mapigo ya moyo yanasikika juu ya kitovu cha mama badala ya chini yake. Mama mwenyewe hupata dalili: kitu kigumu kinamgandamiza chini ya mbavu, na mateke yanatua kwenye kibofu. Mikono hukosea mara nyingine, hasa mama akiwa mnene au maji yakiwa mengi, ndiyo maana altrasaundi ya wiki ya 36 ina thamani kuliko zote za nyuma kwa jambo hili. Usiondoke na neno "matako" peke yake. Uliza miguu imekaaje, kondo liko wapi, maji yanatosha, kichwa kimeinama au kimeinuliwa, na uzito wa makadirio ni kiasi gani.

Swali la binti linapokuwa na haki yake

Nilisema wengi si wagonjwa. Hao wachache lazima watajwe, kwa sababu mkao unaweza kuwa dalili badala ya ugonjwa.

Mtoto anaweza kushindwa kugeuka kwa sababu kondo limekaa chini na kuziba njia. Pengine maji ni machache mno hata hapati pa kuogelea, au ni mengi mno hata hatulii. Pengine kizazi kina uvimbe wa fibroidi, au mama alizaliwa na kizazi chenye umbo la pembe mbili. Pengine wako wawili. Mara chache kasoro iko kwa mtoto mwenyewe: kichwa kilichojaa maji kisichoingia kwenye nyonga, tatizo la uti wa mgongo, au misuli dhaifu isiyompa nguvu za kupiga mateke na kujigeuza. Aliyewahi kuzaa mtoto wa matako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia. Na aliyepata uchungu kabla ya wakati anaweza kumkuta mtoto matako kwa sababu tu hakupewa muda wa kugeuka.

Haya yote daktari anaweza kuyatafuta kwa altrasaundi moja iliyopigwa kwa makini. Mara nyingi anatafuta na hakuti kitu. Mtoto yuko sawa, kakaa hivyo, basi. Na hapo mama huanza kujitafuta yeye: nilipanda bodaboda, nilibeba ndoo, niligombana na wifi, nililala chali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomgeuza mtoto, wala mlango wa nyumba hauna uhusiano na mlango wa kizazi. Nilimwambia jirani wa pili hivyo kwa upole. Alinisikiliza, akacheka, na siku ya pili akamwambia binti tena asikae mlangoni.

Hofu za namna hii zina mizizi mirefu. Pwani yetu ilikuwa na neno kigego kwa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na balaa la nyumba nzima liliweza kutwikwa kichwani pake. Bara, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na jina kwa aliyekuja duniani kwa miguu: Kashinje, wengine husema Kashindye. Wenye majina hayo wamejaa maofisini na wanadunda, na mimi huona jina lile ni njia nzuri ya kuipokea ajabu kuliko kunong'ona.

Dalili inayostahili hofu ya kweli, mtoto awe kichwa chini au juu, ni kucheza kwake. Mama anaijua tabia ya mwanawe: saa za mateke, saa za kulala, ghasia ya baada ya chakula cha usiku. Tabia hiyo ikibadilika, mtoto akapungua kucheza au akanyamaza, safari ya hospitali ni ya siku hiyo hiyo. Usinunue soda ukasubiri mpaka kesho. Na usikubali kuambiwa kwamba wa matako "hachezi sana", au kwamba wiki za mwisho mtoto hutulia kwa kukosa nafasi. Anabadilisha mtindo, haachi.

Kichwa ndicho kinachopima njia

Nilipomuuliza mkunga mmoja mstaafu kwa nini jambo hili lina uzito ikiwa mtoto ni mzima, alinyanyua mikono na kuonyesha fulana. "Wewe unapoivaa," alisema, "shida iko wapi? Kichwani. Kichwa kikipita, mabega na tumbo havina maneno."

Mtoto anapokuja kwa kichwa, sehemu kubwa na ngumu kuliko zote inakuwa mbele kwa saa nyingi za uchungu. Mifupa ya fuvu haijaungana. Inapandana kidogo kidogo, kichwa kinarefuka na kujipanga kulingana na njia. Njia ikiwa nyembamba, kichwa kinagoma mapema, mtoto akiwa bado ndani na pumzi yake ya kondo, na kuna muda wa kwenda chumba cha upasuaji. Kwa mtoto wa matako mpango unageuka. Kiwiliwili laini kinatoka kwanza, kichwa kinakuja mwisho bila kupata saa za kujipanga. Kitovu cha mtoto kikishaonekana nje, kamba yake inabanwa kati ya kichwa na nyonga ya mama, na muda uliobaki unahesabiwa kwa dakika. Kama kichwa kitagoma wakati huo, hakuna kurudi nyuma.

Mtoto njiti yuko kwenye hali mbaya zaidi. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, hivyo mwili unaweza kupenya kwenye mlango wa kizazi usiofunguka wote, kichwa kikabaki.

Na kuna kamba ya kitovu. Kichwa au matako yaliyokaa vizuri huziba njia kama kizibo cha chupa. Unyayo hauzibi kitu. Chupa ya maji ya uzazi ikipasuka kwa mtoto aliyetanguliza mguu, maji yanaporomoka na kamba inaweza kuporomoka nayo. Kwa mkao wa mkeka uliokunjwa jambo hili si la mara nyingi, karibu sawa na wa kichwa. Kwa mkao wa mguu hukadiriwa kufikia hata mara 15 kati ya 100. Mama akihisi kitu laini kama utumbo kinachopigapiga kimetoka ukeni, asikivute, asikirudishe, asikishikeshike. Apige magoti, kifua na kichwa chini, matako juu, ili uzito wa mtoto uache kuibana kamba, na abaki hivyo mpaka amefikishwa hospitali.

Sasa unaona kwa nini swali la "mtoto ni mzima?" halitoshi. Mtoto mzima kabisa anaweza kuharibikiwa katika dakika hizo, na mtoto yule yule, akisimamiwa mahali panapofaa, anatoka analia.

Mikono ya bibi na mikono ya daktari

Kumgeuza mtoto kunawezekana, na wala si jambo la kienyeji tu. Hospitalini hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza, ya 37 kwa waliokwisha kuzaa. Daktari anapiga altrasaundi kwanza, anasikiliza moyo wa mtoto, mara nyingi anatoa dawa ya kulegeza kizazi, kisha kwa mikono miwili juu ya ngozi ya tumbo anayainua matako kutoka kwenye nyonga na kumsindikiza mtoto apige kichwangomba taratibu. Inaumiza, ingawa kwa muda mfupi. Akimaliza anasikiliza moyo tena. Mafanikio ni karibu nusu: chini kidogo ya hapo kwa mimba ya kwanza, juu kidogo kwa wazazi wa zamani. Wakigeuka, wachache sana hurudi walikokuwa. Katika kila 200 hivi, mmoja hulazimika kutolewa kwa upasuaji wa dharura, ndiyo maana hufanyika mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko karibu. Mwenye damu ya Rh hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa kama O-, huchomwa sindano yake ya kinga (anti-D) baada ya hapo. Na wapo wasiogeuzwa kabisa: wenye kondo lililoziba njia, waliotokwa damu karibuni, ambao chupa imeshapasuka, wenye pacha. Si kila hospitali ina daktari anayefanya kazi hii. Inabidi kuuliza, na mapema, si wiki ya 39.

Basi bibi wa Duga kakosea nini, ikiwa mikono inafanya kazi ile ile? Sipendi dharau dhidi ya wakunga wa jadi. Mabibi hao walituzalisha wengi wetu, na kwa kuchua kiuno kilichochoka sijaona mfano wao. Lakini bibi haoni kondo liko wapi, hasikii moyo kabla na baada, na hana pa kukimbilia kikiharibika. Mkando wa nguvu unaweza kuliachanisha kondo na ukuta wa kizazi. Damu inaweza kubaki ndani isionekane hata tone, tumbo likakaza kama ubao, na mtoto akakosa hewa wakati watu wako nje wanasema dawa inafanya kazi. Binti hakupelekwa. Hapo nilitumia ushangazi wangu wote.

Mambo mengine aliyoambiwa nayapita haraka. Kupiga magoti na kuinua kiuno dakika chache kila siku, kuweka muziki chini ya tumbo, kumulika tochi penye kinena: hakuna ushahidi wa maana kwamba yanageuza mtoto. Wachina huchoma majani makavu karibu na kidole kidogo cha mguu, na hata hilo limechunguzwa bila jibu la kuridhisha. Lisilo na madhara mtu afanye akipenda, mradi lisimcheleweshe kufika anakotakiwa kufika.

Kisu au njia

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliobadilisha vyumba vya uzazi dunia nzima. Wanawake 2,088 katika nchi 26, wote na mtoto mmoja wa matako mimba ikiwa imetimia, waligawanywa kwa kura: hawa wapangiwe upasuaji, hawa wapangiwe njia ya kawaida. Waliopangiwa upasuaji, watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa 17 kati ya 1,039. Waliopangiwa njia, 52 kati ya 1,039. Baada ya hapo madaktari wengi waliweka visu mezani na mjadala ukaonekana umekwisha.

Haukwisha. Katika nchi ambako vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi tangu mwanzo, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2004 sehemu ya watoto wale walifuatiliwa wakiwa na miaka miwili, na hapo tofauti ya vifo na ya kuchelewa kukua haikuonekana. Miaka miwili baadaye utafiti mkubwa wa Ufaransa na Ubelgiji ulionyesha kwamba pale wanapochagua kwa makini nani azae kwa njia, na aliyesimama kitandani ni mzoefu, pengo lile kubwa halipo. Madaktari wa uzazi wa Uingereza, katika mwongozo wao wa 2017, walitoa makadirio ya vifo vya watoto kwa kila 1,000: nusu mtoto, yaani mmoja kwa kila 2,000, kwa upasuaji uliopangwa baada ya wiki ya 39, mmoja kwa uzazi wa kawaida wa kichwa, wawili kwa uzazi uliopangwa wa matako. Hesabu hizo ni za kwao, penye kila kitu. Ninazileta kwa sababu zinaonyesha ukubwa halisi wa kitu kinachoogopwa: hatari inaongezeka, lakini si hukumu ya kifo.

Upande wa pili wa mizani ni mama. Upasuaji unaacha kovu kwenye kizazi, na kovu hilo linaingia kwenye kila mimba inayofuata: linaweza kuachia wakati wa uchungu, na kondo la mimba ijayo linaweza kujishika juu yake na kugoma kutoka. Mwanamke wa London anayetaka watoto wawili na wa Pangani anayetaka watano hawapimi kovu hilo kwa mizani moja. Tena upasuaji uliopangwa husubiri wiki ya 39 kama hakuna dharura, kwa sababu mapafu ya mtoto hukomaa mwishoni. Hapo ndipo ile altrasaundi ya mwezi wa tano inapolipa, kwani tarehe ya hedhi ya mwisho wengi tunaikumbuka kwa kubahatisha.

Kwa maoni yangu, swali la kisu au njia kwetu linajibiwa na swali jingine: nani atakuwa kitandani, na chumba cha upasuaji kiko hatua ngapi? Mtoto wa matako anaweza kuzaliwa vizuri kwa njia ikiwa si mkubwa mno, kichwa kimeinama, miguu haikutangulia, na mkunga anajua kazi. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kujizuia. Mtoto wa matako havutwi. Ukimvuta, mikono inapanda juu ya kichwa na kidevu kinainuka, na umejitengenezea mwenyewe tatizo ulilokuwa ukiliogopa. Anaachwa ashuke kwa nguvu za mama, na mikono inaingia pale tu inapohitajika. Wenye ujuzi huu wanapungua, kwa sababu tangu mwaka 2000 vijana wengi wamesomea udaktari bila kuuona uzazi wa namna hiyo. Ni balaa la kimyakimya, maana wapo watakaofika saa nane za usiku matako yakiwa yameshatokeza, na hapo hakuna wa kuuliza utafiti unasemaje.

Kwa Tanga hesabu hii ni ya kilomita. Zahanati haipasui. Baadhi ya vituo vya afya vina chumba cha upasuaji, vingine havina. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, pale juu ya bahari. Wa Chumbageni anafika kwa bajaji. Wa Bweni ana Mto Pangani mbele yake kabla hata ya kuianza barabara, na wa milima ya Lushoto ana kona za kuhesabu. Ndiyo maana ushauri wa maana kuliko wote aliopewa binti ulitoka kwa nesi aliyempima, tena kwa sentensi moja: "Wewe usisubirie uchungu nyumbani." Mume wake ni mvuvi, wanaishi Kigombe. Wiki ya 37 alihamia kwangu na beseni lake, kanga na vifaa vyake vya kujifungulia. Tulishaandika namba 115, ya m-mama, ambayo unapiga bure ukapangiwa gari la kumkimbiza mama au mtoto mchanga, na tuliibandika nyuma ya mlango, sio kwenye simu tu, maana simu huzima chaji. Mumewe tulikaa naye kabla hajaenda bahari, akaelewa upasuaji ni nini na kwa nini unaweza kuja ghafla. Hatukutaka siku hiyo mtu asimame koridoni anatafuta mtandao wa kumpata nahodha. Kaka zake wawili wakajua mapema kwamba damu inaweza kuhitajika.

Chupa ikipasuka, usingoje uchungu ukolee. Damu ikitoka, kadhalika. Maji yakiwa ya kijani au ya kahawia, mweleze mkunga na rangi yake. Mtoto wa matako anapobanwa kwenye uchungu mara nyingi hutoa kinyesi chake cha kwanza, kama dawa ya meno inavyotoka ukiibana, kwa hiyo rangi hiyo peke yake haina maana ile ile kama kwa wa kichwa. Lakini tafsiri hiyo ni ya mkunga aliyeshika moyo wa mtoto, si ya shangazi.

Binti alijaribiwa kugeuzwa. Mtoto alikwenda nusu, akakingama kidogo kama anayefikiri, kisha akarudi alikotoka. Akapangiwa upasuaji wiki ya 39, na ukafanyika siku ile ile iliyoandikwa.

Ni msichana. Alizaliwa na kichwa cha bapa kwa juu, maana kilikaa chini ya mbavu za mama yake miezi, na miguu imenyooka mpaka masikioni. Ukiishusha, inapanda. Mama mkwe wa binti, aliyetoka Kigombe na samaki wa kukaanga na nia njema, alitaka kumnyoosha kwa mafuta kama alivyowanyoosha wanawe wote. Nikamwomba asimamishe. Watoto waliokaa matako wiki za mwisho ndio wanaoongoza kwa nyonga zisizokaa vizuri kwenye tundu lake, wasichana zaidi, hata wakitolewa kwa upasuaji. Nyonga zao hupimwa kwa mikono kabla ya kuruhusiwa, na kwa Uingereza hupigwa altrasaundi wakifika wiki sita. Miguu hushuka yenyewe siku zikipita. Kisichotakiwa ni kuivuta, wala kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Kinachofaa ni magoti yaliyoachana, nyonga zimefunguka.

"Yaani kama mgongoni," alisema mama mkwe.

Kama mgongoni. Mbeleko inamweka mtoto hivyo hivyo, na wataalamu wa mifupa wameitaja desturi hii wakieleza kwa nini tatizo hilo la nyonga huonekana mara chache Afrika. Bibi alifurahi sana kwa hilo, akaiweka chupa ya mafuta pembeni, akaanza kuchagua kanga. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka pale pale barazani, nyayo mbili zimeegemea mashavu yake.